Tundu la Waya

Waya ulishapita ukutani kutoka ofisi ya ardhi hadi ofisi ya maji, ili watumie printa moja na intaneti moja, lakini kompyuta za huku hazikuziona za kule. Fundi Mwanakombo alijua sababu. Kila alipofungua njia, bosi mmoja aliagiza ifungwe.

"Printa yao naitaka sana, fundi," alisema Bwana Kisebengo, bosi wa ardhi. "Ila mafaili yangu wasiyaone."

Mwanakombo akazunguka hadi kwa Bi Siwema, bosi wa maji.

"Intaneti yao walete. Lakini printa yangu? Waanze wao kufungua!"

"Nyie watu!" Mwanakombo akapandisha sauti. "Mnataka kula kwa jirani, na kwenu mmetia komeo?"

Bi Siwema akajifanya anapanga kalamu.

Mwanakombo akarudi ardhi akifoka peke yake, akachuchumaa, akauchomoa waya wote ukutani. Kwenye tundu lililobaki, jembamba kama kidole gumba, akaliona jicho la Bi Siwema likichungulia.

Nyuma ya fundi, Bwana Kisebengo alikuwa ameshapiga magoti.

"Hebu sogea kidogo," akanong'ona.