Mgonjwa Aliyefuatwa Nyumbani

Mgeni alipiga hodi wakati mama amekwisha ligeuza godoro la mwanawe chini juu.

Sebule yao ndiyo iliyokuwa saluni. Mteja mmoja alikuwa ameachwa mbele ya kioo, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Pita tu," mteja alisema. "Msusi yuko ndani anamla mtu mzima mzima."

Mgeni, mwanamke aliyevaa raba nyeupe na kitambulisho kifuani, alisimama mlangoni. Sauti zilitoka chumba cha nyuma.

"Iko wapi?"

"Nimeitupa, mama."

"Wapi?"

"Chooni. Nikavuta maji."

"Mwongo! Usiku silali, chakula hakipiti kooni, na wewe umenisimamia hapo kama nguzo!"

Kitu kilirushwa, kikagonga ukuta.

"Mtie adabu, mwenzangu!" mteja alipaza sauti. Huyu alikuwa shangazi wa msichana ambaye kijana angekwenda kujitambulisha kwao Jumapili ile, na alikuwa akisukwa kwa ajili ya siku hiyohiyo. "Samaki mkunje angali mbichi!"

"Huyu keshakauka!" Mama alitokeza akihema, jasho usoni, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Kijana alimfuata nyuma. Alipomwona mgeni, mama alisimama ghafla.

"Na wewe nani?"

"Mimi ni muuguzi, natoka hospitali. Jana tumesubiri, juzi tumesubiri, simu haipokelewi. Nimekuja na gari kumchukua mgonjwa wetu."

Shangazi alinyoosha shingo, akakisoma kile kitambulisho kwa sauti. "Kliniki ya Uraibu." Akamgeukia kijana taratibu. "Kumbe! Harufu ninayoisikia humu kila nikija si ubani. Ni bangi." Kisha, kwa muuguzi: "Na mnawafanyaje hao? Mnawapasua vichwa?"

"Hakuna kisu wala sindano," muuguzi alisema. "Tunaweka koili ya sumaku, waya uliozungushwa kama pete, juu ya kichwa. Inagonga-gonga, inaiamsha ile sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia. Bado inachunguzwa. Wengine imewasaidia, wengine haikuwafaa." Alishusha pumzi. "Lakini akikosa na leo, nafasi anapewa mwingine. Wanaoisubiri ni wengi."

"Apewe!" mama alifoka. "Mpeni huyo mwingine! Mnanifuata mpaka kazini kwangu, mbele ya wateja wangu, mnanivua nguo! Nani kawaita? Nani?"

"Mama," kijana alisema.

"Usiniite mama!"

Shangazi aliinuka, taulo likamwanguka mabegani.

"Mimi nataka kusikia kwa mwenyewe. Kijana, nitazame. Hiyo bangi ni ya nani?"

Mama aliinama kuokota chanuo sakafuni. Muuguzi alitazama raba zake.

Kijana alimtupia mama yake jicho. Kisha akasema, "Yangu, shangazi."

"Yako."

"Yangu."

"Basi Jumapili usijisumbue. Mtoto wa kaka yangu hatumwozi moshi." Aliokota taulo, akalizungushia kichwani juu ya nusu iliyosukwa na nusu isiyosukwa. "Hata nywele zangu sitaki umalizie. Pole, mwenzangu. Mungu amekupa mtihani."

Mlango ulibamizwa hadi kioo kikacheza ukutani. Wakamsikia akimwanzia jirani nje, kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima.

Kijana aliupiga teke mguu wa kiti, kiti kikapinduka. Alisimama akikitazama, mikono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka.

"Twende, mama."

"Niende wapi mimi?"

"Twende. Peke yangu siendi."

Waliingia garini. Mama aliugeuzia dirisha uso, na kila mkono wa kijana ulipomkaribia, aliusukuma. Wavulana waliokuwa wakimiminika kutoka shule walikuwa wakirushiana begi la mwenzao na kucheka; kijana aliwatazama hadi wakapotea kwenye kona.

Chumba cha kliniki kilikuwa kidogo na safi, kina kiti kimoja kikubwa cha kuegemea na benchi la mbao. Muuguzi aliwasha mashine, ikaanza kunguruma chini chini.

"Wewe utasubiri pale kwenye benchi," alimwambia kijana. Kisha akamshika mama mkono kwa upole, akamketisha kwenye kiti kikubwa, akaishusha koili juu ya kichwa chake.

"Uliniapia hutamwambia mtu," mama alisema, macho ameyafumba.

"Sijamwambia mtu," kijana alijibu, meno yameumana, na machozi yakimtiririka.