Nondo wa Pazia la Mwanamvua

Nilikuwa nimeshavuka geti la kata, begi begani, mwenye nyumba wangu Mwanamvua aliponipigia kelele: "We mzee, rudi! Kuna dudu kwenye pazia!"

Sheria ndiyo hiyo: asiyesajili kiumbe mgeni katani ndani ya miaka mitatu, anahama; anayesajili, anapewa hati ya kudumu. Miaka yangu ilikuwa imeisha.

Nilirudi, nikamgusa yule dudu, akalia kama panya. Mgongoni ana alama ya fuvu. "Huyu ni nondo msafiri, kipepeo wa usiku, nilimwona Songea zamani. Lakini umemwona wewe, jisajilie."

"Mimi bado nina mwaka mzima. Andika jina lako, mbishi wewe, chai inapoa!"

Nikaandika, tukacheka.

Nondo aliondoka siku ya tatu. Mwaka wa Mwanamvua ukaisha hajapata kiumbe mwingine, akahamishwa. Mimi nina hati ya kudumu. Nakaa kwake, namwagilia mchicha wake.