Bangili ya Tunu

Siku hizi kila mwenye homa ya ini aina ya C huvaa bangili inayopima vimeng'enya vya ini lake. Ikiwaka nyekundu, nyumba nzima humpumzisha. Ya Tunu iliwaka kijani, na mahamri ya khitima yalikuwa yanamsubiri.

"Wifi, nimechoka," alisema, akiegemea ukuta wa jikoni.

"Acha kudeka! Bangili ishasema."

"Daktari alinieleza vimeng'enya vinaweza kuwa sawa na ini bado likawa na makovu."

"Basi mwite aje akande unga."

Wanawake wakacheka. Tunu naye akacheka kidogo, akaingiza mikono kwenye sinia. Binti yake akainama kumtazama usoni.

"Mama, mbona macho yako ya manjano?"

"Moshi tu huo," wifi akajibu. "Ongeza maji, Tunu."

Tunu akaongeza.