Chumba cha Ndani, Upande wa Tanuri

“Kwa kuchagua chumba hakuna anayeniweza,” mshonaji mzee alimwambia karani wa tiketi za meli. “Nimepanga nyumba tatu, zote nilizichagua mwenyewe, na ni mbili tu zilizovuja.”

Binti yake, aliyekuwa akimpeleka matembezi ya baharini, alicheka. “Basi chagua chenye dirisha, mama, uone bahari.”

“Bahari nitapanda juu kuitazama. Kulala nataka cha ndani, kwenye giza lake.”

Kidole chake chenye sugu za sindano kilishuka polepole juu ya mchoro wa meli, kikavipita vyumba vya wenye raha zao, kikatua kwenye kichumba kilichopakana na tanuri la mikate. Mwokaji wa meli hiyo aliwahi kuwa jirani yake. Miaka yote ya ujane wake mshonaji alimsikia ukutani alfajiri, akikanda unga na kupiga mluzi, mpaka kazi ya baharini ilipomchukua na ukuta ukanyamaza.

“Hiki hapa,” alisema. “Meli hunitia kichefuchefu, na hapa haiyumbi.”

Karani aliinama kutazama. “Hapo ni mbele kabisa, bibi. Hakuna panapoyumba kama hapo, tena wapishi watakupigia kelele. Kisichoyumba ni hiki cha katikati.”

Kidole hakikubanduka.

Binti aliacha kucheka. Alikitazama kidole, kisha akamtazama mwenye kidole.

“Mama,” alisema taratibu, “nyuma ya ukuta huo yuko nani?”