Kitufe cha F9

Kwetu hakuna anayeijua kompyuta kunizidi, ingawa niliyowahi kuigusa ni moja, tena nikiipangusa vumbi.

Karani mmoja, dada aliyeitwa Vidole, alichomeka ukucha chini ya kitufe cha F2, kikabanduka. Akabandua na cha F9, kisha akakibandika kila kimoja mahali pa mwenzake. Katika programu ya ofisi ile ya maji, F2 ilihifadhi taarifa za mteja. F9 ilizifuta, wala haikuuliza mara mbili. Na kompyuta haisomi maandishi ya juu ya kitufe, inajua mahali tu. Atakayefuata maandishi atafuta akidhani anahifadhi.

Kibodi haikuwa yake. Ilikuwa ya Mgeni.

Miaka yote Vidole ndiye aliyekuwa bingwa wa kuchapa pale. Aliandika huku ameinua uso darini, akijitapa kwamba vidole vyake vina macho, na jina likamganda. Kisha akaja binti huyu, Mgeni, akakiri mbele ya watu kwamba yeye hutazama vitufe.

"Anayetazama vitufe," Vidole alimwambia, "ni kama anayejitazama mdomo akila."

Ofisi nzima ilicheka. Lakini bosi siku hizi alimwita Mgeni "mwanangu", na kiti cha msimamizi kilikuwa wazi. Kila sifa ya binti ilimkaa Vidole kooni kama mwiba wa samaki. Na mchana huo bosi angewashindanisha, nani ataandika na kuhifadhi taarifa za mteja mapema.

Watu waliporudi kutoka kula, Mgeni alimuuliza mbona hakumwona kantini. Vidole akasema alikaa kona ya nyuma, ofisini hakutia mguu. Akaenda kunawa mikono, roho kwatu.

Bosi aliingia, wafanyakazi wakazunguka meza.

"Badilishaneni mashine," alisema. "Sitaki mtu aje kusingizia kibodi."

Moyo wa Vidole uliruka, kisha ukatua. Kwani mtego si wake mwenyewe? Atahifadhi kwa kitufe kilichoandikwa F9, basi. Akaketi kwa Mgeni, akainua uso darini, akachapa jina, nyumba, namba ya mita, vidole vikidonoa kama kuku waliomwagiwa mtama. Binti alikuwa bado yuko katikati.

Mwishoni macho ya Vidole yalishuka, kufumba na kufumbua, yakaitafuta F9. Akabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe.

Hakuna aliyecheka. Mgeni aliacha kuandika, akamgeukia.

"Mimi natazama vitufe, dada," alisema taratibu. "Ndiyo maana nilivirudisha ulipokwenda kunawa."