Mlango Sikuufunga

Kahawa ilimmwagikia Obdulia mapajani, wala hakuifuta. Mgeni aliyesimama mbele alikuwa anamalizia shairi lake:

"Kilipovuma kimbunga,
mlango sikuufunga."

Watu wakapiga makofi. Ilikuwa Jumapili ya mashairi, barazani kwa Ramiro na mkewe Nereida, mdogo wake Obdulia. Kila mtu huja na shairi moja la kale na moja jipya, akaeleza limemgusa wapi. Mgeni huyu, Casilda, ametoka upande wa pili wa milima, na hili, alisema, ndilo lake la kale.

La kale! Obdulia alikuwa amekuja kulisoma yeye. Lilikuwa lake, tena la peke yake.

Zama za usichana wake, malenga wawili walimtaka kwa mpigo, Ramiro na Eliseo. Kwao Kuba malenga hupimwa hivi: mtu hadharani hutupa mstari mmoja, na gitaa likilia, malenga hutunga papo hapo mistari kumi, wa mwisho ukiwa ule ule aliotupiwa. Basi siku ya sherehe ya miwa Obdulia alitangaza mbele ya baba yake kwamba atakayeuimba vyema mstari wake ndiye mumewe. Akautupa: "Mlango sikuufunga."

Ramiro, bingwa wa mkoa mzima, aliimba vizuri, ila kwa kutafuta maneno. Eliseo, aliyezoeleka kukwama katikati na kuzomewa, siku hiyo alimwaga mistari kumi bila kumeza mate. Obdulia akalia kwa furaha, akaolewa naye.

Na Eliseo alichosha, Mungu anajua. Majogoo wa kupiganisha, uvivu, uongo mdogo mdogo. Kila alipotaka kufunga virago, Obdulia alijiimbia ile mistari kumi, akasamehe.

"Mwanamke huyu umemjulia wapi?" alimuuliza sasa Eliseo, aliyekaa kando yake, kwa sauti ya chini.

"Simjui, mke wangu. Naapa."

"Shairi langu umelipeleka kwa hawara, halafu unaniapia?"

Eliseo akaangalia viatu vyake.

"Dada, yaishe," Nereida alisema, akijipepea kwa kipepeo chake. "Shairi ni la watu wote. Ngoja nikuletee kahawa nyingine."

Lakini Obdulia alikwisha simama. "Samahani, Bi Casilda. Nani alikuimbia hilo?"

"Marehemu bibi yangu, mama. Akikaanga ndizi, ndio wimbo wake. Kwetu hata kasuku analijua."

Watu wakacheka. Obdulia hakucheka. Moyo ulimuuma kuliko pale alipodhani ni hawara, maana hawara angemfukuza, lakini miaka hii yote angeifukuzia wapi?

"Kumbe hukutunga!" alimgeukia mumewe. "Ulikariri, mwizi mkubwa we! Nimekupikia, nimekuzalia, kwa shairi la bibi wa watu!"

Eliseo akavuta kofia yake usoni.

"Haiwezekani, shemeji," Ramiro alisema taratibu, ameshika gitaa lake. "Nilikuwepo. Mstari ulitoka kinywani mwako. Angejuaje kwamba utatupa huo?"

Obdulia alifungua mdomo amjibu. Alijiona tena msichana, amesimama mbele ya watu, mstari alioutayarisha umemtoka kichwani, na nyuma ya kipepeo mtu anamnong'oneza sikioni: "Dada, watupie huu."

Akageuka polepole. Nereida alikuwa ameacha kujipepea, na mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania bega la Ramiro.