Kifuu Chenye Macho

Zamani zile wanyama walipokuwa wakinywa uji, komba wawili, Mwanatumu na mdogo wake Chande, waliachiwa na mama yao nazi moja tu. Wakaivunja, wakaila, na vifuu vyake viwili vikawa mabakuli yao.

Kila asubuhi Mwanatumu alichukua kifuu chenye macho, akampa Chande kile kingine. Chande hakujali, mpaka siku Kunguru mchochezi alipomwambia, "Chenye macho ndicho cha mrithi, bwana. Wewe mwenzetu unalishwa kama mgeni."

Maneno yakamwingia. Asubuhi iliyofuata alikikumbatia kifuu chenye macho. "Leo nanywea hiki, dada. Ukikataa, nahama!"

"Haya, chukua. Lakini mdogo wangu..."

"Hakuna cha lakini!"

Akamiminiwa uji, akakinyanyua kifuu kwa maringo. Mara uji wa moto ukamchuruzika tumboni hadi mkiani. Chande akaruka kwa yowe, akakigeuza kifuu. Jicho moja lilikuwa limetoboka. Ndipo akakitazama kidole cha dada yake, kile chekundu ambacho siku zote alidhani kazaliwa nacho.

"Kumbe ulikuwa unaziba kwa kidole?"

"Ulitaka nizibe kwa mkia?"

Wakacheka mpaka Kunguru, aliyekuwa akiwachungulia mtini, akaona haya, akaruka zake.

Kesho yake Chande aliwahi jikoni, akakitwaa kifuu kile kile, kidole chini.

"Kinaunguza?" Mwanatumu aliuliza.

"Hata kidogo, dada," alijibu Chande, machozi yakimlengalenga. "Kunywa wako."